Nyumba Isiyo na Harufu

Mimi ni dobi. Mtu akitaka kunitukana aseme lolote lile, ila asiniambie nyumba yangu chafu. Basi siku ile nilitukanwa kinyume. Mwanamke aliyevaa mabuti, kamba ya mbwa mkononi, alisimama katikati ya chumba cha baba yangu, akatazama kitanda, akatazama sakafu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, humu kweli anaishi mtu?"

"Anaishi baba yangu," nikamjibu. "Na kama angekuwemo usingeitwa."

Baba alikuwa ametoka asubuhi peke yake. Baba anasahau. Mwanzo alisahau alipoweka miwani, baadaye akasahau miwani ni ya nini, na sasa ukimwacha mlangoni anakwenda tu, miguu inakumbuka njia ambazo kichwa hakizijui. Hilo peke yake lingetosha kuniua kwa wasiwasi. Lakini kulikuwa na kubwa zaidi. Nilikuwa nimeshamchoma sindano yake ya sukari, nikammiminia chai, nikaona bado ya moto, nikasema ngoja nianike mashuka ya hoteli mara moja. Niliporudi chai ipo, mkate upo, baba hayupo. Na sindano ile bila chakula si dawa tena. Sukari inashuka, mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaanguka, na asipopata kitu kitamu anaweza asiamke. Nesi alinieleza hayo mpaka nikamwambia basi, nimeelewa.

Majirani walikuwa wamezunguka sokoni, kituo cha mabasi, hospitali. Hakuna. Tukaenda polisi, na askari wa zamu ndiye aliyempigia simu huyu mama wa mbwa. Sasa ilikuwa mchana, na upande wa mashariki wingu lilikuwa limejikusanya jeusi.

Mbwa mwenyewe, kusema kweli, hakunipa matumaini. Wa kahawia, sikio moja limeliwa nusu, usoni ana doa jeusi. Wanamwita Kiraka.

"Tulimwokota jalalani, mbavu nje," akasema Mama Mbwa. "Sasa yeye ndiye anayeokota watu. Mwezi uliopita alimtoa fundi kwenye kifusi. Jumatatu tunakwenda wodi ya watoto, anakaa tu wanamshikashika masikio..."

"Mama, sijauliza wasifu wake. Anitafutie baba yangu."

Hakukasirika. Nadhani amezoea watu kama mimi. "Haya. Nipe kitu chenye harufu ya mzee. Nguo aliyovaa jana."

"Nimefua."

"Shuka lake?"

"Liko kwenye kamba."

"Foronya?"

"Nimeitia wanga."

"Kandambili, soksi, kofia?"

"Kandambili na kofia amevaa. Soksi nimeziloweka."

"Blanketi?"

Blanketi nilikuwa nimelifua alfajiri, na godoro liko juani, limesuguliwa kwa dawa pande zote mbili. Baba akiwa hajiwezi, mimi niliapa hakuna mgeni atakayeingia chumba kile akabana pua. Hata mto niliufumua nikaosha pamba. Nilisimama pale natazama usafi wangu, nikatamani kuutapika. Binti mzima, fundi wa kutoa madoa, nimemfuta baba yangu nyumbani kwake mwenyewe!

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye mpiga pasi wangu. Alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake. Ndipo akanyoosha kidole. "Kile kiti."

Kiti cha pembeni mwa kitanda. Kimevikwa kitambaa kizito cha zamani ambacho kikilowa hakikauki, ndiyo maana kiliponea mikononi mwangu. Mama Mbwa aliinama, akakipapasa. "Kinakaliwa na nani?"

"Baba. Na mimi, nikimlisha. Na wifi."

"Mwingine? Fikiri vizuri. Kiti kina harufu za watu wengi, lakini si tatizo. Kiraka anajua kutoa. Mnajipanga mstari, nyote mnaokikalia, ananusa kiti, ananusa mmoja mmoja. Mliopo anawatoa hesabuni. Anakwenda kumtafuta asiyekuwepo. Lakini asiyekuwepo awe mmoja tu. Wakiwa wawili, sitajua kamfuata yupi."

"Watu ni hao," nikasema. "Sisi wawili na baba."

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Niliona. Nilidhani anaogopa mbwa.

Na kaka? Kaka yangu nilikuwa hata sijampigia simu, na wifi nilimkataza asimpigie. Tuligombana. Alisema baba apelekwe nyumba ya wazee, wanakoangaliwa na watu waliosomea. Mimi nikamwambia wapeleke nyumba hiyo watoto wako, baba yangu haendi, na wewe mlango wangu usiukanyage. Kweli hakuukanyaga. Kumpigia siku ile nimwambie baba amepotea mikononi mwangu? Bora nimeze pasi ya moto.

Tukajipanga. Mbwa akatia pua kitini, akakaa nayo humo. Akaja kwangu, akaninusa viganja, akapita. Akamnusa wifi, aliyekuwa amefumba macho, akapita. Akazunguka chumba, akatoka mlangoni, na kamba ikakaza.

Weee! Mbwa yule alivuta! Tulishuka uchochoro wa nyuma, tukapita duka la vifaa, tukakata kwenye gereji, watu wanaruka pembeni kwa woga. Hakusita hata njia panda. Mimi mkononi nimeshika chupa ya soda, nakimbia na gauni langu, nasema Mungu wangu, huyu mnyama anajua, naomba radhi kwa yote niliyomfikiria. Wifi alikuwa nyuma, anaita, "Wifi, ngoja! Ngoja nikwambie!" Nani wa kumngoja? Tulikwenda mbali, mpaka mtaa wa pili wa soko, na kila nikiona mzee ameketi nilidhani ni yeye.

Kiraka akaingia kwenye duka la kinyozi. Akanyanyuka, akaweka miguu ya mbele kwenye kifua cha kinyozi, akabweka mara moja kwa furaha.

Kinyozi alikuwa kaka yangu.

Alikuwa na wembe mkononi, na mteja amenyolewa shavu moja, povu bado liko kwenye la pili. Tulitazamana. Mama Mbwa alitazama mbwa, akanitazama mimi. Sijawahi kuona mtu anajizuia kusema namna ile.

"Huyu naye hukaa kwenye kile kiti?" akauliza.

"Hakai!" nikasema. "Huyu hafiki kwangu!"

"Anafika," akasema wifi, aliyekuwa amefika mlangoni anahema. "Kila ukipeleka nguo hotelini anafika. Anamnyoa baba. Jana pia alikuja. Nilitaka kukwambia pale kwenye mstari, wifi, wallahi ulimi uliniganda."

Ndevu za baba. Zilikuwa safi siku zote, zimekatwa sawa, hata shingoni hana kipele. Nilikuwa namsifu wifi mbele za watu kwa mkono wake mwepesi, na yeye anasema asante!

"Ungenifukuza," kaka akasema. "Nilitaka tu kumwona. Kuna nini? Mbona mna mbwa?"

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, na sikujua nianze na lipi, na wakati wenyewe haukuwepo. "Baba ametoka," nikasema. "Amechomwa sindano, hajala."

Kaka alibadilika rangi. Hakusema "nilikwambia." Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo tangu asubuhi, nimelipangia majibu, na hakulisema. Aliweka wembe, akamwambia mteja, "Utanisamehe, mzee wangu amepotea," akatoka na vazi lake la kazi. Yule mteja naye alitufuata hatua kadhaa na povu lake, anauliza kama anaweza kusaidia.

Tulirudi nyumbani kwa pikipiki, wawili wawili, Mama Mbwa amempakata Kiraka. Njiani tone la kwanza liliniangukia mkononi. Nilihesabu dakika ngapi tumepoteza kwa ajili ya ukaidi wangu na woga wa wifi, nikaacha kuhesabu, maana nilikuwa naelekea kulia na kulia hakumpati mtu.

"Mvua ikinyesha itakuwaje?" nikamuuliza Mama Mbwa tuliposhuka.

"Ikiwa ndogo, tutajitahidi. Ikiwa kubwa, itafua njia yote." Akanitazama. "Samahani, dada. Ndiyo hivyo."

Tukajipanga tena, safari hii watatu, kaka kati yetu kama zamani tulipokuwa tunapigwa picha. "Kuna mwingine?" akauliza Mama Mbwa, na sauti yake haikuwa ya upole tena. "Rafiki, jirani, mgeni? Semeni sasa hivi, hakuna aibu hapa."

"Hakuna," tukasema, na nilimtazama wifi mpaka akaapa.

Kiraka akanusa kiti. Akaninusa mimi, wifi, kaka. Akarudi kitini, akanusa tena, akasimama ameinamisha kichwa. Kisha akatoka, na pale uchochoroni hakugeukia chini. Aligeukia juu.

Safari hii hakukimbia. Alikwenda pua chini, anasimama, anarudi nyuma, anazunguka nguzo, anaendelea. Matone yalikuwa yanaongezeka, na kila moja nililiona adui yangu. Tulivuka reli. Tulipita kiwanda cha matofali ambako alipoteza njia kabisa, akazunguka na kuzunguka, na Mama Mbwa akawa anamnong'oneza, "Taratibu, baba. Taratibu." Kaka alinishika kiwiko. Nikamwacha anishike. Mbwa akapata, tukaendelea, ukuta mrefu mkono wa kushoto, na mimi nikaanza kuujua ule ukuta.

"Hii ilikuwa shule yetu," kaka akasema.

Sasa ni ghala la saruji. Lakini geti ni lilelile, na chini ya geti, amekaa kwenye jiwe, alikuwepo baba. Kofia imelowa. Jasho na mvua vimechanganyika usoni, mikono inatetemeka vibaya, midomo imepauka. Kiraka alimfikia kwanza, akajilaza juu ya miguu yake, akabweka.

Nilipiga magoti kwenye matope, nikafungua soda kwa meno. "Baba, kunywa. Kunywa, baba yangu."

Alinitazama. Miezi mingi baba alikuwa ananiita dobi, kwa heshima, ananiuliza nguo zake zitakuwa tayari lini. Sasa macho yake yalinishika usoni, yakakaza, na akafoka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na meno ya utoto.

"Ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa wapi? Watoto wote wametoka, geti limefungwa, wewe huonekani! Nimekutafuta tangu asubuhi. Mvua inakuja, hujala kitu, nikasema mwanangu ataanguka njiani, nani atamjua!"

Alikuwa analia. Alinishika bega kwa mkono ule unaotetemeka, akanipapasa kichwa, mikono, kama mtu anayekagua kama kuna kilichovunjika.

"Nisamehe, baba," nikasema. "Nilichelewa."

"Usirudie."

"Sirudii. Kunywa kwanza."

Akanywa. Nyingine ilimwagika, nyingine ikaingia. Nikamshikia chupa mpaka ikaisha, na kaka akavua vazi lake la kazi akamfunika mabegani. Polepole mikono ilianza kutulia. Baba alimtazama kaka, kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia aliyekusaidia, akamshukuru. Halafu akaniinamia sikioni.

"Mpelekee kaka yako habari," akasema. "Nilimtuma upande wa pili akutafute. Mwambie umeonekana, aache kuhangaika, arudi nyumbani."

Kaka alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama kwenye mvua na shati lake la ndani, hajui mikono yake aiweke wapi.

Nikageuka. "Kaka," nikamwambia, "baba anasema urudi nyumbani."