Nyota Yenye Nundu

Ukikosea unywele mmoja kwenye mshono wa blanketi la nyota, kosa halitulii hapo lilipo. Vipande vyenye umbo la uru hupangwa kutoka kitovuni kwenda kwenye ncha nane, na kila unywele unaozidi hurundikana katikati, mpaka nyota inavimba nundu.

Ardis alilijua hilo kwa aibu. Siku mwana wa dada yake alipomaliza shule, alimvisha blanketi la nyota aliloshona mwenyewe, pale ukumbini Rosebud, kwenye hifadhi ya Wahindi Wekundu wa kabila la Walakota, Marekani. Dada mtu, Verlene, fundi asiyeshikika kwa sindano wala kwa ulimi, akasema mbele ya Walakota wote kwamba chini ya nundu ile paka angelala usingizi mnono. Watu walicheka. Ardis naye alicheka, maskini, lakini hakushona tena.

Miaka ikapita, figo zikamgomea. Akaomba kitu kimoja tu. Kwa Walakota, blanketi la nyota, ile nyota ya asubuhi, huvishwa anayeheshimiwa, na maiti hufunikwa nalo pia. Ardis hakutaka la maiti.

"Nishonee, dada," alisema. "Nivishe ningali nasikia joto lake."

Verlene akashona. Alipolitandaza sakafuni, katikati pameinuka kidogo, kiasi ambacho mwingine asingekiona. Lakini angelipeleka kwa uso gani, yeye aliyemcheka mdogo wake? Akafumua. Akashona, akafumua tena. Ardis akakisia sababu ya kuchelewa, akapiga simu kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu.

"Lilete hivyo hivyo na paka wake."

"Subiri kidogo, mdogo wangu. Nalinyoosha."

Alilinyoosha kweli. Nundu iliisha wiki ileile aliyokata roho Ardis. Wakalitandaza juu ya jeneza, likalala tambarare, na akina mama wakasifu kazi. Kila sifa ilimchoma Verlene.

Kisha akaingia mwanawe, amejifunika lile blanketi la zamani alilovishwa na Ardis. Verlene akamgeuza huku na huku, akimpapasa mgongo. Mabegani kitambaa kilikuwa kimejikunja na kushuka vizuri tu.

"Iko wapi?" aliuliza.

"Nini, mama?"

"Ile nundu."

Kijana alishangaa. "Mbona haijawahi kuonekana nikilivaa."