Nati ya Nne ya Lori la Shemeji

Usiku wa kuamkia leo niliota nina tundu kifuani. Halikuwa jeraha. Lilikuwa tundu safi la pembe sita, limeanzia kwenye mfupa wa kifua na kutokea mgongoni, upana wake sawasawa na nati namba ishirini na nne. Halikuuma hata kidogo. Kilichoniudhi ni vifungo viwili vya shati ambavyo havikuwa na pa kukaa.

Nilikuwa karakanani kwetu, Ipogolo, bondeni pale chini ya mji wa Iringa. Vifaa vimekaa kwenye mabenchi kimya kama watu wa matanga, bisibisi mbele, nyundo nyuma. Mimi nimesimama katikati na upepo unanipita.

"Fundi Osmund," ikasema ringi spana ndefu, ile niliyoitumia miaka kumi na moja, "usikae. Aliyetobolewa akikaa anapinda."

Nikabaki nimesimama. Ringi spana ile haijawahi kunidanganya.

"Shahidi aje," ikasema.

Seti mpya ya racheti, mpini wa kukazia nati pamoja na maboksi yake ya kuvisha nati, ikafungua kasha lake jekundu na kusogea mbele. Hii aliniletea shemeji yangu Gaudence kutoka Kariakoo wiki iliyopita. Gaudence ni dereva wa lori la mbao, kamuoa mdogo wangu Winfrida, na ana tabia ya kukuletea zawadi huku akikutania. "Shemeji, chukua hii," aliniambia, "uachane na hivyo vyuma vyako vya enzi za mkoloni." Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

"Jieleze," ikasema ringi spana.

"Mimi nimetobolewa kwa makusudi," seti ikasema, bila majivuno na bila haya. "Racheti yangu ina tundu, na maboksi yangu yana matundu. Bolti yenye mkia mrefu naimeza mpaka ichungulie upande wa pili, nati naifikia bila taabu. Boksi la kawaida, likikutana na mkia kama huo, linagota kabla halijaishika nati."

"Kweli," likasema boksi moja la kawaida kutoka nyuma. "Nagota kooni. Sina cha kuficha."

"Tena mimi ni mwembamba, naingia mahali finyu. Wewe ringi unainuliwa na kurudishwa, unainuliwa na kurudishwa, mpaka fundi anatoka kijasho. Mimi natembea tu."

"Sema na upande wa pili."

Seti ikashusha kifuniko cha kasha lake. "Kuta zangu ni nyembamba. Meno yangu ni madogo. Boksi la mwenzangu haliingii kwangu, na langu likipotea, hakuna wa kuniazima. Nimeumbwa kusogeza nati, sikuumbwa kwa nguvu ya mwisho. Nikivishwa bomba la kuongezea nguvu kwenye mpini, naruka jino. Karatasi yangu iliandikwa hivyo."

"Karatasi iko wapi?"

"Fundi alifungia maandazi."

Vifaa vyote vikanigeukia. Havikunitazama usoni. Vilitazama ndani ya tundu langu, vikaona ukuta wa nyuma, na kalenda, na tarehe ya jana.

"Jana nilivishwa bomba," seti ikasema. "Kwenye springi za nyuma, upande wa kushoto. Nati ya kwanza ilikaza. Ya pili ilikaza. Ya tatu ilikaza. Ya nne niliruka jino. Nililia tik. Alinisikia."

Nilisikia. Nakiri hapa kama nilivyokiri kule. Springi za lori zinafungwa kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kwa bolti ndefu zilizopinda, tunaziita yubolti, na nati zake zikilegea ekseli inaacha njia na kwenda itakako. Nilisikia tik, mkono ukanipwaya, nikajua kabisa kuwa ile si sauti ya nati iliyokaza. Lakini Gaudence alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai, anaitazama zawadi yake ikifanya kazi kwenye lori lake mwenyewe, anatabasamu. Ningemwambiaje kwamba zawadi yake imeshindwa, ngoja nichukue vyuma vya mkoloni? Niliona aibu. Kwa aibu ya dakika moja, nikasema, "Tayari, shemeji."

"Na alama?" ikauliza ringi spana.

Hapo nikatamani ardhi ipasuke. Ikapasuka kidogo, ikaona sina maana, ikajifunga.

Karakanani kwetu kuna sharti moja. Aliyekaza hachori. Ukimaliza nati, anakuja mwenzako, anaijaribu kwa mkono wake, ndipo anaipiga mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti, ili ikizunguka hata kidogo mstari ukatike na kila mtu aone. Mchoraji wetu ni Skola, fundi mwenzangu, na chupa ya rangi ni yake. Jana Skola alikuwa msibani Ndiuka. Nikafungua sanduku lake, nikatoa chupa, nikachora mwenyewe. Nati nane, nne kila upande, mistari minane, yote imenyooka vizuri.

Chupa ya rangi ikapanda juu ya benchi. Ilikuwa na sauti ya Skola. "Chora sasa tukuone," ikasema.

Nikashika brashi. Mkono wangu wa kulia, ule uliokaza, ukapita ndani ya brashi kama moshi. Nikajaribu mara tatu.

"Jana uliwezaje?" chupa ikauliza.

"Jana nilikuwa macho," nikajibu.

Ringi spana ikasema haya, kesi imekwisha, aende kazini. Mara nami nipo Kitonga.

Kitonga ni ule mlima ambao barabara ya kwenda Dar inaushuka kwa kona, huku ukuta wa jiwe, huku korongo. Barabara inaingia kifuani kwangu na kutokea mgongoni. Malori yananipita moja moja. Madereva wananipigia honi kwa heshima, nami nawaitikia kwa kichwa. Kila kirefu kinapita, hiyo ndiyo faida yangu.

Linakuja lori la Gaudence, limejaa mbao. Linapunguza mwendo ndani yangu. Gaudence anatoa kichwa dirishani, anatafuna hindi la kuchoma.

"Shemeji! Umekaza?"

Nataka kusema hapana. Nasema kwa nguvu zangu zote, simama, zima gari, nati ya nne haijakaza. Sauti inashuka kooni, inafika kwenye tundu, inatokea mgongoni na kuangukia korongoni. Kinywani kinabaki kile kile cha jana.

"Tayari, shemeji."

"Najua mkono wako," anasema. "Nyumbani wasalimie. Mwambie mama Editha mwaka huu tunaezeka."

Naiona nati. Iko mbele ya macho yangu, inazunguka taratibu, na mstari wangu mwekundu umekatika vipande viwili.

"Zimebaki nyuzi nne za bolti," nati inasema.

Kona.

"Tatu."

Naivamia kwa kifua, naibana kwa kuta zangu. Inazunguka, nami nazunguka nayo. Nasikia kuta zinaalika. Jamani, nililia. Nililia kama mtoto, na machozi yalipotelea tunduni.

"Mbili. Usijichoshe, fundi. Wewe ni mwembamba."

Pembeni mwa barabara yuko Skola, kanga mabegani, viatu vina udongo mwekundu wa makaburini. Anapangusa udongo kwa kijiti.

"Ndiyo kwanza natoka kuzika, Osmund," anasema. "Hata mikono sijanawa."

"Moja," inasema nati. Halafu inasema, kwa upole kabisa, "Huko sina tena kazi. Nakuja kwako." Ikaruka, ikaingia kifuani, ikalijaza tundu barabara. Lori likaendelea kushuka. Ekseli yake ilikuwa inatazama korongo.

Nikaamka.

Jua limeingia dirishani. Ilikuwa saa moja na nusu. Gaudence alikuwa ameondoka saa kumi na moja alfajiri. Nikapapasa kifua kwa mkono wa kushoto, kilikuwa kizima, vifungo viko mahali pake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikasema ndoto ni ndoto tu, nikatoka nje.

Winfrida alikuwa uani, anaanika shati la mumewe. Usiku ule yeye na mwanawe Editha walilala kwangu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Gaudence amepiga?"

"Nampigia mimi. Inaita tu, hapokei." Akabana shati kwa kibanio. "Atakuwa mlimani. Akiwa mlimani huwa hashiki simu."

Nikataka kuichukua ile simu nipige tena. Mkono wangu wa kulia haukukunjuka. Nikaufumbua kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja.

"Umeshika nini, kaka?"

Ilikuwa nati namba ishirini na nne. Juu yake kulikuwa na nusu ya mstari mwekundu, na bado ilikuwa ya moto.