Mikono Minne kwenye Usukani

Mikono ya baba mkwe wangu ilikuwa mizito kuliko nilivyowahi kuidhania, na ilikuwa juu ya mikono yangu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwanza, kabla ya lori, kabla ya kelele za vioo, kabla ya woga wenyewe. Usukani ulikuwa unapiga kushoto na kulia kama mtu aliyeshikwa na degedege, mabega yangu yanatikisika mpaka meno yanagongana. Katikati ya tafrani ile nikaiona mikono miwili yenye kucha za mkulima wa viazi ikija juu ya yangu, ikatua, ikakaa.

Mtu asiyeijua nyumba ya mzee Wiliam hataona ajabu yoyote. Mimi niliiona hata katika hali ile. Tangu niolewe na mwanawe Sila, miaka sita mizima, hatukuwahi kupeana hata mkono wa salamu.

Mzee alikuwa Mkinga wa Ipelele, kule Makete ambako ukungu huamka kabla ya watu. Alikuwa wa wale wa zamani, ambao kwao mke wa mwana huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Mimi ni Mbena, nimekulia jirani na misheni hapa Njombe, katika nyumba ambayo baba alitaniana na wake za kaka zangu mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Kwa hiyo nilijifunza ukubwani, kila tulipokwenda Ipelele au yeye alipokuja kwetu Njombe. Nilijifunza kumpisha mzee njiani kwa kuingia majanini. Nilijifunza kutomtazama usoni, na kula jikoni wakati yeye anakula sebuleni. Jina langu hakulitamka. Akitaka kuniambia neno, alilipitisha kwa binti yangu.

"Jackline, mwambie mama yako chai ilikuwa nzuri."

Jackline wakati huo alikuwa na miezi mitatu, amelala mgongoni kwangu.

"Jackline," nami nilijibu, "mwambie babu ahsante."

Majirani walicheka. Sisi wenyewe hatukucheka, wala hapakuwa na chuki ndani yake. Siku hizi, nyumba ikiwa kimya asubuhi, huwa naikumbuka ile posta yetu ndogo ya mgongoni, namna maneno yake yalivyonifikia yakiwa yamepoa, hayana makali yoyote.

Gari lilikuwa pikapu nyeupe ambayo Sila aliinunua ikiwa imeshatumika mikononi mwa watu wengine. Tulibebea viazi kupeleka Makambako. Kwenye milima ya Makete lilipanda na mzigo wake bila kulalamika, na kwenye tope lilijua kujinasua. Ugonjwa wake ulikuwa lami. Chini ya sabini lilikuwa pole kama ng'ombe aliyekamuliwa. Likikaribia themanini, usukani ulianza kunguruma viganjani kama simu iliyozimwa sauti, kisha ukatetemeka waziwazi, na kioo cha pembeni kikageuza barabara iliyo nyuma kuwa maji.

Fundi mmoja wa mjini alisawazisha magurudumu. Likatulia siku chache, likarudia.

"Likifika themanini usiogope," Sila aliniambia. "Ongeza. Ukivuka tisini linatulia lenyewe. Linataka moyo tu."

Na kweli lilitulia. Nilijaribu mara nyingi, nikauma meno, nikaongeza mafuta, na upande wa pili wa mtetemo kulikuwa na utulivu wa ajabu, kama umevuka mto ukafika ng'ambo. Lakini kila msimu mto ule ulizidi upana. Nilimwambia. Akanijibu, bila ubaya, "Wewe mwoga, mama Jackline." Kisha akaenda Mafinga kwenye shughuli zake za mbao.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, majani yakiamka meupe kwa barafu. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na hospitali ya Ilembula ilikuwa imempangia siku ya upasuaji. Sila akapiga simu kutoka Mafinga. Mzee atateremka Njombe kwa basi, mimi nitamchukua. Wifi yangu Anneth atatusubiri stendi ya Makambako, aende naye Ilembula akamuuguze.

"Mambo ya kumshika mkono na kumwogesha ni ya Anneth," Sila alisema. "Wewe unajua mwenyewe."

Nilijua. Safari yetu ya wawili tu ingekuwa ile ya Njombe hadi Makambako.

Tuliondoka asubuhi. Mzee alijibana kwenye mlango wake, kofia magotini, uso dirishani, ingawa nilijua macho yale hayaoni zaidi ya mwanga na kivuli. Mimi nilikuwa nimejitanda kitenge. Tukapita Kibena, mashamba ya chai yamelowa umande. Jackline tulimwacha kwa jirani, na bila Jackline hatukuwa na pa kupitishia neno. Baadaye mzee akakiambia kioo cha dirisha:

"Baridi ya huku ina adabu. Si kama ya kwetu."

Nikakijibu kioo cha mbele. "Ya Makete inauma."

"Inauma," akakiitikia kioo chake.

Hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, na nilijikuta natabasamu chini ya kitenge.

Tulipopita Mtwango barabara ikanyooka na kuanza kuteremka. Tulikuwa tumechelewa, maana basi la mzee lilikawia, na Anneth alikwishapiga simu kuuliza tumefika wapi. Nikakanyaga. Themanini, usukani ukaanza. Nikaongeza kama nilivyofundishwa. Tisini. Nikasubiri utulivu wangu.

Haukuja. Gurudumu la mbele likapiga kiraka cha lami, na usukani ukaniponyoka kabisa, ukarudi, ukaniponyoka tena. Pua ya gari ikaanza kucheza barabarani, mara mstari wa katikati uko upande wangu, mara uko chini yetu. Vitu vyote ndani vililia kwa pamoja. Mbele, kwenye mwinuko, lori la magogo lilikuwa linakuja likiwa limewasha taa. Mguu wangu ukazidi kukandamiza mafuta, kwa sababu ndilo jambo pekee nililoambiwa, kwamba linataka moyo.

Ndipo mikono ile ikaja.

Hakuvuta usukani. Aliishika mikono yangu juu yake, akaikaza pale ilipo. Mzee hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu aliye karibu:

"Usishindane nalo, mwanangu. Liache lichoke."

Nikauondoa mguu. Sikugusa breki, si kwa ujuzi, ila kwa kuwa mguu ulikuwa umekufa ganzi. Gari likaendelea kutikisika, likatikisika kwa uchovu, kisha kwa unyonge. Lori likatupita kwa honi ndefu, upepo wake ukatusukuma. Sisi wawili, mikono minne, tukalishusha gari pembeni mpaka likasimama lenyewe kwenye majani marefu, karibu na misonobari michanga.

Injini ikazimika. Kulikuwa na harufu ya mpira uliopata moto. Kitenge kilikuwa kimeniangukia shingoni, kichwa kiko wazi, na nilikuwa nalia bila sauti. Alikuwa bado ameishika mikono yangu. Kisha akaiachia pole pole, mmoja baada ya mwingine, akaokota kofia yake sakafuni.

"Umeumia?" aliniuliza. Aliniuliza mimi, si dirisha.

"Hapana, Baba."

"Hata mimi."

Akapapasa miguuni pake, akatoa mfuko wa viazi vya kuchemsha alivyofungiwa kwao Ipelele, akauweka kati yetu kwenye kiti. "Kula," akasema. "Mwili ukitetemeka hivyo unataka chakula." Nikasita. Yeye akachukua kimoja, akala. Nami nikachukua. Vilikuwa vya baridi na vitamu, na vidole vyetu viligusana mara moja mfukoni, wala hakuna aliyevirudisha nyuma.

Nilipiga simu, na fundi mmoja, Timoth, akaja kwa bodaboda kutoka Makambako. Akaliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akalishika kwa mikono miwili, likacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akanionyesha chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, tairodi wanaiita, jinsi kichwa chake kilivyoliwa.

"Kingechomoka hiki, dada, gurudumu lingekwenda linakotaka."

"Lakini likivuka tisini lilikuwa linatulia," nikasema.

Timoth alinitazama kwa huruma. "Halikuwa linatulia. Lilikuwa linajificha."

Alipomaliza kufunga kingine, mzee akanyoosha mkono akaomba kile kibovu. Akakipapasa pande zote, akakitia mfukoni mwa koti.

Stendi ya Makambako tulimkuta Anneth akiwa na mtoto wake mchanga mgongoni na ndoo ya vyombo vya hospitali kichwani. Alikuwa amesawijika kwa wasiwasi. Nilimweleza yaliyotupata. Alipomshika baba yake mkono ili amhamishie kwenye gari lingine, mzee akauzuia.

"Wewe mpeleke mtoto nyumbani, baridi hii itamuua. Mimi nitakwenda na Oliva."

Tulitazamana, mimi na wifi. Jina langu katika kinywa kile lilisikika kama la mtu mwingine.

"Baba," Anneth alisema taratibu, "atakuogesha nani? Si desturi."

"Desturi tumeiacha kule Mtwango, majanini. Atakayekuwa na nafasi akaichukue."

Akarudi kupanda pikapu mwenyewe kwa kupapasa.

Sila aliporudi kutoka Mafinga, mzee alikuwa amekwisharudi Njombe kwetu na anapata nafuu. Alimngoja mwanawe anawe, aketi, amege tonge la kwanza. Kisha akatoa kile chuma, akakiweka mezani kando ya bakuli la mboga.

"Hiki ndicho ulichomwambia mkeo akivuke kwa moyo," alisema. "Moyo anao. Nimeushika kwa mikono yangu. Ulichokosa wewe ni masikio."

Sila alikichukua kile chuma. Akakigeuza kichwa kilicholiwa, na rangi ikamtoka usoni. Jioni alinifuata jikoni, akasimama mlangoni kama mgeni. "Ningewapoteza wote wawili," alisema. Tangu siku hiyo nikisema gari linalia, hulala chini yake kabla sijamaliza sentensi. Na mimi tangu siku hiyo nilihamishia sahani yangu sebuleni.

Mzee aliishi nasi kila msimu wa baridi kwa miaka iliyofuata. Alipofariki, kipupwe kilichopita, tulimzika Ipelele kwenye mteremko unaotazama mashamba yake, ukungu ukija na kuondoka juu ya wimbo wa kwaya. Wazee wa ukoo waliniweka pamoja na binti zake, mbele, karibu na Anneth. Hakuna aliyeuliza. Pikapu tumeiuza. Lakini mpaka leo nikiendesha gari lolote, likitetemeka kidogo tu kwa sababu ya changarawe, viganja vyangu husubiri uzito fulani.

Hata hivyo, nikimkumbuka, si barabarani ninakobaki. Narudi Ilembula, kwenye wodi yenye madirisha makubwa. Nilikuwa nimemlisha uji kwa kijiko, nimemwongoza hadi mlango wa choo na kumsubiri nimegeuka. Bibi mmoja aliyemuuguza mgonjwa wa kitanda cha jirani aliuliza kama ni baba yangu. Mzee akajibu, "Mkwe," na bibi yule, naye Mkinga, akageuza kiti chake akatazama ukuta.

Asubuhi iliyofuata nesi Mektilda akaja kumfungua kitambaa cha jicho. Mzee akapepesa. Akatazama dirisha. Akamtazama nesi, kisha viganja vyake mwenyewe, kwa ndani na kwa nje. Halafu akageuka kwangu, na mimi, kwa mazoea, nikainamisha kichwa.

"Inua uso, Oliva."

Nikauinua. Miaka sita nimempikia, na hakuwahi kuniona. Alinitazama bila haraka, paji la uso, macho, mashavu, na aibu ikanifanya nitabasamu.

"Kumbe una mwanya," akasema.

Nesi Mektilda akacheka. Mzee akaendelea kunitazama kidogo, kisha akauliza kama uji ulibaki.