Mabega Yaliyolegea

Mke wangu Queralt ndiye aliyeniambia kwamba mguu wangu unatetemeka. Tulikuwa tumetoka mazoezini, tunakula mkate uliopakwa nyanya, akasema, "Leo ulitetemeka kama mashine ya kufulia. Unaogopa nini, Eudald?"

"Siogopi."

"Mkono wangu ulikuwa kwenye paja lako, bwana. Paja halidanganyi."

Katika mnara wetu wa watu mimi husimama ghorofa ya pili. Aliye chini yangu huzungukwa na umati unaomkaba pande zote, tunaouita shina, na mikono ya walio karibu hunifikia mapajani na matakoni ili nisiyumbe. Queralt ni mmoja wao. Juu ya mabega yangu hupanda wengine, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto wa juu kabisa anapoinua mkono hewani. Kwa sikukuu ya mwaka huu tulitaka mnara wa ghorofa nane, ambao kikundi chetu hakijausimamisha tangu mkuu wetu Ferriol alipokuwa na nywele. Nafasi yangu niliingoja miaka mingi, na sikutaka kuipoteza.

Tangu siku hiyo nikaanza kuusikiliza mguu. Kazini kwenye ghala la lozi nausikiliza, kitandani nausikiliza. Nikaanza kuogopa kweli, ingawa sikujua kama hofu ilikuwapo tangu mwanzo au imekuja sasa.

Nikaenda kwa Remei, mtaalamu wa saikolojia. Zamani alitibu watu waliotoka kwenye ajali za barabarani. Siku hizi hupokea pia wapiga piano wanaoogopa mtihani, watu wanaotaka kuacha sigara, na bibi mmoja asiyeweza kupanda lifti.

"Ulianguka lini?" akaniuliza.

"Sijawahi."

"Kuna mwenzako aliyeumia mbele ya macho yako?"

"Walioanguka waliinuka wakicheka."

Nikamuuliza, "Sasa tunatibu nini?"

"Si lazima pawe na jeraha. Tunaishika hofu yenyewe, tunauzoesha mwili kukaa nayo mpaka ichoke."

Kwanza alinitaka nifuate kidole chake kwa macho, huku na huku, nikiuwaza mnara unaoyumba. Kichwa kikaniuma. Basi akasimama nyuma yangu akawa ananigonga mabega kwa vidole: kushoto, kulia, kushoto, kulia, polepole. "Pumua," alikuwa akisema. "Acha mabega yashuke." Wiki zikapita. Mabega yakawa yanashuka yenyewe, hata kabla hajasema. Mara nyingine machozi yalinitoka, na sikujua nalilia nini. Lakini hofu ilipungua, na Queralt akasema paja limetulia.

Siku chache kabla ya sikukuu tukajaribu mnara mzima. Nilisimama imara, nimeuma ukosi wa shati kama wenzangu. Fina, anayesimama ghorofa ya tatu, akanipanda mgongoni: mguu kwenye mshipi wa kiuno, kisha bega la kushoto, kisha la kulia. Akajiweka sawa: kushoto, kulia.

Nikashusha pumzi. Mabega yakashuka. Joto tamu likanitambaa mgongoni, macho yakajaa machozi, nami nikalegea kama mtu anayeingia kwenye maji ya uvuguvugu.

"Chini!" Ferriol akapaza sauti. "Shukeni wote!"

Walishuka salama. Ferriol akanijia, mikono kiunoni.

"Umekunywa?"

"Hapana."

"Mbona unalia?"

"Sijui, Ferriol. Nadhani nimepona."

Ikanibidi nieleze yote. Aliposikia jina la Remei akashika kichwa. "Remei wa mashati ya kijivu? Jamani! Mtu wa kikundi cha wapinzani anakulegeza mabega kabla ya sikukuu, na wewe unamwambia asante!"

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama Remei anaweza kumlegeza mama mkwe wake. Fina peke yake hakucheka.

"Kaka Eudald," akasema taratibu, "nilihisi nimekanyaga godoro. Na juu yangu atakuwapo mtoto."

Kesho yake nilimweleza Remei. Akaweka mkono mdomoni.

"Mimi mwenyewe nimekanyaga mabega ya watu tangu utotoni," akasema. "Niliwezaje kutofikiria hilo?"

"Hata mimi sikufikiria. Unaweza kuyarudisha mabega yangu yalivyokuwa?"

"Naweza kuanza upya kwa kugonga magoti badala ya mabega. Mengine sijui, nisikudanganye. Mtu wa ajali, najua ninamwondolea nini. Wewe, Eudald, sijui nimekuondolea nini."

Sikuweza kumkasirikia. Alionekana amepotea kama mimi.

Ijumaa nilimwomba Fina anipande, sisi wawili tu, kando ya ukuta wa ukumbi wa mazoezi. Alipofika begani mwili ukalegea tena, kwa utiifu kabisa, kana kwamba umefanya jambo jema. Nikaenda kwa Ferriol nikamwambia mwenyewe: mweke Jofre, yule wa akiba, mahali pangu.

"Una hakika?"

"Sina hakika na kitu chochote. Ndiyo maana."

Jumapili uwanja ulijaa mpaka kwenye baraza za nyumba. Mimi niliingia kwenye shina mahali pa Queralt, yeye akahamia nyuma yangu, nikanyoosha mikono nikamshika Jofre paja. Wa shina tunainamisha vichwa, hatuoni kitu. Tunasikiliza zumari zitueleze mnara umefika wapi. Zilipoanza, uzito ukashuka juu yetu kidogo kidogo.

Ndipo paja la Jofre likaanza kutetemeka.

Nilijua mtetemo ule. Ulikuwa mdogo, wa haraka, usiokoma, na kadiri watu walivyozidi kupanda ndivyo ulivyozidi. Nilitaka kumwita Ferriol. Lakini chini ya mtetemo mguu ulikuwa mgumu kama nguzo, hausogei hata unywele. Nikanyamaza, nikabana. Zumari zikabadilisha wimbo: mtoto ameinua mkono. Uwanja ukalipuka kwa kelele, na mnara ukashuka juu yetu ghorofa kwa ghorofa, mzima.

Ferriol alikuwa akilia waziwazi. Nilimtafuta Jofre katikati ya waliokumbatiana.

"Uliogopa sana?"

"Niogope nini?"

"Paja lilikuwa linatetemeka."

"Kweli?" Akalitazama, akacheka. "Mbona mimi sikusikia kitu?"

Nikamgeukia Queralt. "Hao wengine uliowahi kuwashika kabla yangu, walikuwa hawatetemeki?"

"Wengine gani? Nilijiunga nikakushika wewe. Sijawahi kumshika mwingine." Akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likakatika. "Kwani Jofre naye?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ferriol alikuwa amekuja, akanipiga kofi la furaha mgongoni. "Jumanne mazoezi! Sasa wewe nikuweke wapi, juu au chini?"

Jumanne, saa ileile, Remei naye alikuwa ananingoja tuanze magoti. Nikamwomba Ferriol aniache nifikirie. Akasema nifikirie upesi.