Koleo la Kambi ya Malale

Kambini walimwita Koleo, kwa sababu mtu akishashikwa naye hachomoki. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuwashika wagonjwa wa malale wasifurukute Daktari anapowadunga sindano. Goti kifuani, mkono wa mgonjwa ameubana kwapani, uso karibu na uso. "Fumba macho," aliwaambia, "itapita sasa hivi." Aliyasema kwa upole kweli. Mjinga yule alidhani anasaidia.

Daktari hakuja kuponya mtu. Alikuja kutafuta kipimo: dawa kiasi gani inaua vijidudu vya malale kwenye damu, na kiasi gani inaua macho. Kwa nyani alishajua. Kwa watu alikuwa akipandisha kidogo kidogo, na kila wodi ilipopofuka aliwaandikia wakubwa wake ng'ambo kwamba utafiti unasonga mbele. Wagonjwa waliambiwa ni malale yenyewe yanayokula macho. Waliogoma walichapwa viboko mpaka nyama ikafunguka. Mmoja aliruka seng'enge, askari wakamtwanga risasi, na Daktari akampasua fuvu ubongo ungali na joto, maana hakupenda kupoteza kitu.

Vipofu walihamishiwa bweni la nyuma. Koleo hakuwa na kazi huko, basi hakwenda wala hakuuliza.

Halafu akaletwa dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki. Koleo alimshika mwenyewe, asije akaangukia mikono ya askari. "Fumba macho, dada. Itapita."

Sindano zikaendelea. Asubuhi moja alimkuta ameketi kitandani, ameelekea ukutani.

"Mdogo wangu, uliniambia nifumbe macho," alisema. "Mbona nimeshafumbua na bado giza?"

Koleo akampungia mkono usoni. Dada hakupepesa.

"Mwanga kidogo bado anauona," alisema Daktari nyuma yake, akijaza sindano. "Leo tunazidisha. Mshike."

"Basi, Daktari. Huyu ni dada yangu."

"Ndiyo maana atatulia. Mshike!"

Kiboko cha Daktari kilimchana Koleo shavu, kikarudi kikachana sikio. Kilipoinuka tena Koleo aliudaka mkono, akaupinda mpaka kiwiko kikavunjika kwa mlio wa kuni kavu, akambwaga Daktari sakafuni. Goti kifuani. Daktari alifurukuta, akapiga mayowe, akajikojolea, kama wote aliowahi kuwadunga. Kisha akaiona sindano aliyoidondosha, iko mkononi mwa Koleo.

"Usinichome!" alilia. "Inapofua hiyo! Inapofua!"

Wodi nzima ikasikia. Koleo naye akasikia, na nyuso zote alizowahi kuzikandamiza zikamjia kwa pamoja. Alitamani kujikata mikono. Badala yake akaizamisha sindano yote.

"Usifumbe macho, Daktari," alisema. "Angalia."

Askari waliingia mbio na vitako vya bunduki. Walimponda mbavu, wakamponda taya, wakampasua kichwa, wala hakuachia mpaka vidole vilipovunjwa kimoja kimoja. Walipombeba Daktari nje, dada akashuka kitandani, akatambaa akipapasa sakafu iliyolowa, mpaka akaupata uso wa mdogo wake, au kilichobaki.

Akamwekea kiganja usoni.

"Fumba macho, mdogo wangu," alisema. "Itapita sasa hivi."

Koleo akafumba.