Tumekosea, Ukurasa wa Kwanza

"Verna, shoga, hivi huyo mumeo akitangulia, hayo makaratasi yake ya mabembea utamwachia nani?"

Aliyeuliza ni Dolores, jirani wa nyumba ya pili, siku hiyo anaanika mashuka uani. Verna Hudock alikuwa na vibanio vya nguo mdomoni, akavitoa ili acheke vizuri. "Nitakuzika nayo wewe," akamjibu, "maana wewe ndiye unayeyaonea wivu." Wakacheka wote wawili. Leonard alikuwa hai bado, yuko jikoni analamba stempu na kubandika, na swali la namna ile lilikuwa la kupitishia muda tu.

Sasa Leonard alikuwa na miaka minne kaburini, kule kilimani nyuma ya kanisa, na makaratasi yapo. Yapo chini ya ngazi. Yapo katika stoo ya makaa. Yapo katika chumba kidogo kilichopakwa rangi ya njano kwa ajili ya mtoto ambaye Mungu hakumleta. Kila Verna alipotaka ufagio, ilimbidi ahamishe mwaka mzima wa 1974.

Jarida lenyewe liliitwa Mnyororo. Lilikuwa la watu wanaoipenda bustani ya mabembea ya Laurel Grove, na hasa ile treni yake ya mbao waliyoiita Bibi Mweupe, inayovutwa juu ya kilima cha mbao kwa mnyororo, ka-ka-ka-ka, kisha inaachiwa iporomoke na roho za watu ndani yake. Hakuna aliyelipwa. Aliandika fundi bomba, aliandika mpeleka barua, aliandika sista mmoja wa Scranton ambaye mkubwa wake wa shirika hakujua. Verna alichapa kwa mashine. Wote walikunja. Mara nne kwa mwaka, miaka ishirini na mitano, na mgongo wa Verna uliikumbuka yote.

Nao hawakuwa watu wa mchezo. Mwaka mmoja jarida liliandika kwamba kilima cha kwanza cha Bibi Mweupe kina urefu wa futi sabini na tisa. Zikaingia barua kumi na moja. Ni sabini na nane na nusu, waungwana, mmetuaibisha. Siku ile Leonard hakugusa chakula. Na toleo lililofuata, ukurasa wa kwanza, pembe ya juu mkono wa kulia, ndani ya kisanduku cha mistari miwili, likaandikwa neno lile walilolijua wasomaji wote: Tumekosea.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Leonard. Kosa halikupelekwa ukurasa wa nane kulala na matangazo ya mikutano. Lilikaa mbele, pale jicho linapoanzia. Tena hakukubali iandikwe nimekosea, wala kosa limetokea, kana kwamba kosa ni mvua. Tumekosea. Aliyeandika, aliyechapa na aliyekunja.

Msimu ule wa joto wa 1993 bustani ilifungwa. Ardhi iliuzwa, na Bibi Mweupe angebomolewa theluji ikiyeyuka. Wenye jarida wakakubaliana kwamba Mnyororo nao uishie toleo la mia, wapumzike. Verna aliposikia neno kupumzika alijisikia kama mtu aliyeonyeshwa kiti.

Jumamosi moja ya Novemba akaja Curtis Renninger, mwalimu wa hesabu, aliyeshika uhariri Leonard alipokufa. Aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha kama kawaida yake, akavua viatu vya matope, akanusa.

"Kabichi na tambi! Mama Verna, wewe mwanamke unajua kuniua."

"Kaa ule. Na usidondoshee karatasi."

Alikuwa amekuja na historia ya jarida, kurasa mbili za mwandiko, ziende mbele ya toleo la mwisho. Verna akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama, maana magoti yake yakishakaa hayapendi kuinuka. Ilikuwa imeandikwa vizuri. Ilisema kwamba Leonard Hudock, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, alianzisha Mnyororo peke yake Machi 1969, kwenye meza hii hii.

Alisoma mstari huo mara mbili. Halafu akaziweka karatasi mezani.

"Curtis, hili si kweli."

"Lipi? Ilikuwa Aprili?"

"Peke yake si kweli. Na Machi si kweli. Na hili tunalolitoa si la mia."

Curtis aliacha kutafuna.

Verna akamweleza, bila haraka, kwa sababu jambo lililokaa robo karne halitoki mbio. Kulikuwa na mtu anaitwa Wendell Troxel, mshika breki wa Bibi Mweupe. Zamani treni ile ilisimamishwa kwa mkono, kwa mpini mrefu wa mbao, na Wendell alijua kuisimamisha kwa ulaini hata mwenye soda mkononi asimwagikiwe. Ndiye aliyebuni jarida, na ndiye aliyelipatia jina. Mwaka 1968 alitoa matoleo matatu, kwa mwandiko wake, yakarudufishwa kwa wino wa zambarau uliochafua kitambaa cha meza cha Verna hadi leo. Leonard na Verna walikuwa wakunjaji tu.

Katika toleo la tatu Wendell aliandika kwamba mbao za jukwaa la breki zimeoza na wakubwa wameambiwa mara mbili. Wakubwa hawakutengeneza mbao. Walimfukuza Wendell, na wakawakataza wapenzi wa treni ile asubuhi yao, ile Jumapili moja ya Mei walipokuwa wakiruhusiwa kupanda kabla milango haijafunguliwa. Watu walilia kama waliofiwa. Basi Leonard akaenda ofisini kwao, kofia mkononi, akasema lile jarida limekufa. Hili lake ni jipya, halimjui Troxel. Wakarudishiwa asubuhi yao. Na Machi iliyofuata likatoka jarida lenye jina lile lile, na chini yake: Toleo la 1.

"Vidole hivi ndivyo vilivyochapa hiyo moja," Verna alisema. "Nilijua ninachochapa."

"Na mzee hakusema kitu? Yeye wa Tumekosea?"

"Alisema kila mara. Toleo lijalo, Verna, toleo lijalo nitaliweka. Akaugua akisema hivyo. Toleo lijalo sasa halipo."

Curtis alisukuma sahani. "Mama, nisikilize. Fulana zimeshachapwa, mia kubwa hii hapa kifuani. Keki imeagizwa. Halafu kuna watu wana seti kamili, unanielewa? Wanalala usingizi kwa sababu wana seti kamili. Niwaambie kuna matatu hawajawahi kuyaona? Wataniua mimi, si wewe."

"Wendell yu hai."

"Yu hai wapi?"

"Nyumba ya wazee, nyuma ya stesheni. Ana miaka themanini na mitatu. Nampelekea chakula kila Jumatano."

"Amekuomba hilo?"

"Hajawahi kutaja."

"Basi!" Curtis akainua mikono. "Mwenyewe hana neno, wewe unataka kumchimbua marehemu mumeo. Mama Verna, kwa heshima zote, tumechoka. Chapa nilivyoandika, tukunje, tulale."

Alivaa viatu vyake akaenda, na historia ikabaki mezani karibu na sahani.

Lakini kuna kitu Verna hakumwambia Curtis. Chumbani kwa Wendell, kwenye rafu juu ya kitanda, Mnyororo ulipangwa wote tangu la kwanza, maana Leonard hakuacha hata mara moja kumtumia hadi alipokufa, Verna akaendeleza, na hakuna aliyewahi kutia barua ndani. Jumatano moja Wendell akiwa bafuni, Verna aliyashusha ili apanguse vumbi. Kwenye kila jalada nambari ilikuwa imekatwa kwa penseli, mstari mmoja mwembamba, na pembeni imeandikwa nyingine. Moja imekuwa nne. Arobaini imekuwa arobaini na tatu. Tisini na tisa, mia na mbili. Matoleo tisini na tisa, na hakuruka hata moja. Aliyarudisha haraka, akamimina supu, akaongea habari za hali ya hewa.

Siku tatu aliiacha mashine ndani ya kifuniko chake. Alikwenda misa ya asubuhi, akasali rozari, akamwombea Leonard kama alivyomwombea kila siku, na safari hii maneno yalimkwama pale pa kuomba asamehewe. Atasamehewa vipi jambo ambalo mkewe analificha bado? Alimpenda. Hakutaka watu waliomlilia Leonard wakae na keki mdomoni wakimwona kuwa mtu mwingine. Lakini baada ya toleo hili hakuna ukurasa wa kwanza tena. Siku ya nne akavua kifuniko.

Alichapa historia yote ya Curtis kama ilivyokuwa, hata pale penye peke yake, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya Curtis. Kisha akapandisha karatasi hadi pembe ya juu, mkono wa kulia, akachora kisanduku cha mistari miwili, akachapa:

Tumekosea. Jarida hili halikuanza 1969 wala halikuanzishwa na Leonard Hudock. Lilianzishwa 1968 na Wendell Troxel, mshika breki, aliyetoa matoleo matatu. Tuliyafuta ili turudishiwe asubuhi yetu. Alichoandika kuhusu mbao kilikuwa kweli. Hili ni toleo la mia na tatu.

Na kwenye jalada akaweka 103. Akalipeleka mwenyewe kupigwa fotokopi, akakaa mlangoni pale hadi nakala ya mwisho ilipotoka, asije mtu akabadili kitu.

Siku ya kukunja walikutana katika ukumbi wa chini ya kanisa, watu kumi na wanne kwenye meza ndefu, kahawa kwenye birika kubwa, keki yenye mia ya sukari katikati. Curtis ndiye aliyefungua boksi. Verna alimwona anatazama jalada, anafungua, anasoma. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mama Verna. Umefanya nini?"

"Nimeweka kosa mahali pake."

"Nilikuomba!"

"Uliniomba. Leonard naye aliniomba, mwaka sitini na tisa, na nikamtii."

Ikabidi kisanduku kisomwe kwa sauti, maana wengine walishanyoosha shingo. Curtis alisoma kama anayesoma hati ya hukumu. Mpeleka barua mstaafu, mzee Orville, akavua miwani.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "seti yangu haijakamilika?"

"Haijakamilika, Orville," Verna akamjibu.

"Miaka ishirini na mitano."

"Ndiyo."

Mtu mmoja akasema hizo mbao kweli zilikuwa zimeoza, baba yake aliwahi kutumbukiza mguu. Mwingine akamkemea, "Si sasa hivi, Floyd." Halafu Orville akavaa miwani yake, akavuta rundo la karatasi, akakunja la kwanza, akapitisha ukucha juu ya mkunjo.

"Ni ukurasa wa kwanza," alisema. "Ndiyo sheria."

Wakakunja. Hakuna aliyeimba siku ile, wala aliyemtania Verna. Curtis alipiga stepla kwa nguvu kupita kiasi, na kipande cha keki hakumpa mkononi. Alimsogezea sahani tu, bila kumtazama. Verna alikula. Vidole vilimuuma, na alikuwa amechoka uchovu ambao usingizi hauuwezi.

Jumatano akaenda nyuma ya stesheni na bakuli la kabichi na tambi, na jarida ndani ya bahasha isiyo na stempu.

Wendell alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, fulana ya sufu, mikono bado mikubwa. "Shemeji," alisema, "leo umechelewa dakika nane."

"Njia ina barafu."

"Watu wa kuogopa barafu ndio nyinyi. Sisi enzi zetu tulikuwa tunasimamisha treni juu ya barafu."

"Enzi zenu hata barafu ilikuwa laini," Verna akasema, akacheka kidogo. Halafu akampa bahasha.

Wendell aliitoa penseli mfukoni kwanza, kama mtu anavyotoa miwani, bila kufikiri. Akavuta jarida. Penseli ikashuka hadi kwenye nambari, ikasimama. Akaitazama 103 kana kwamba ni maandishi ya nchi nyingine. Akafungua. Alisoma kisanduku, midomo ikicheza, akarudia tena. Kidole chake kikarudi mwanzo, kikakaa juu ya herufi mbili za kwanza za neno la kwanza.

"Hii 'tu' hapa," alisema. "Ni nani na nani?"

Verna aliona wazi anachoulizwa. Aliona pia jibu ambalo lingemfurahisha mzee huyu: kwamba Leonard aliyaandika maneno haya kabla ya kufa, kwamba yalikutwa kwenye droo. Lilikuwa jibu jepesi, na hakuna ambaye angejua ila Mungu.

"Ni mimi," alisema. "Nilichapa ile moja. Leonard alikuwa anataka kuliweka."

"Alikuwa anataka."

"Kila mara, shemeji. Hakuliweka."

"Kwa hiyo hili hakuandika yeye."

"Hapana. Nimeandika mimi."

"Nilikuwa namngoja yeye," Wendell akasema, akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Alilifunga jarida akalinyoosha mkunjo kwa kiganja, kwa ulaini ule ule. Akaiweka penseli juu yake. Kisha akaishika mikono ya kiti, akajiinua, akachukua fimbo yake iliyoegeshwa dirishani, akampita Verna na bakuli lake la moto, akatoka.