Jiwe la Kaburi la Mwanvita

Mke wangu Mwanvita alifariki akisubiri gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, wakubwa walikuwa wamelipanda kwenda mkutanoni. Kaburi lake halina hata shahidi, lile jiwe la kusimamisha kichwani.

Mimi navunja mawe machimboni, huku Vigwaza. Msimamizi aliniruhusu nichukue jiwe moja la mchanga, ilimradi nilitoe kabla mashine ya kokoto haijafika upande ule. Nilichagua moja refu, unene wake kama dhiraa. Nikawa nalipima wima alipokuja Nasrin, binti wa chuo anayesoma miamba.

"Shikamoo, mzee Msabaha."

"Marahaba."

"Ukilisimamisha hivyo litapasuka."

"Wewe umeshazika wangapi?"

Hakukasirika. Alichuchumaa akapitisha kidole ubavuni mwa jiwe. "Huku chini chembe nene, kama mchele. Kadiri unavyopanda zinapungua, juu kabisa ni tope. Mchanga na tope viliporomoka pamoja chini ya bahari, kizito kikatangulia kutulia. Na hivi vyekundu ni vipande vya milima ulikotoka mchanga wenyewe."

"Milima ipi?"

"Imekwisha kulika, mzee. Imeshuka yote."

"Loo! Milima inashuka, wakubwa wetu hawashuki."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanionyesha jiwe lililoegemezwa wima nyuma ya kibanda tangu mwaka jana. Masika yameliingia kati ya matabaka, limeachana maganda maganda kama kitunguu. Mimi hulipita kila asubuhi, sikuwahi kulitazama.

"Lilaze kama lilivyokuwa," akasema. "Nene chini, laini juu."

"Shahidi halilali, mwanangu. Shahidi husimama."

Mashine ilikuwa inaunguruma, inasogea.

"Basi kata kipande huku mwishoni," akasema polepole. "Kisimame kwa unene wa jiwe, si kwa urefu wake. Matabaka yatabaki yamelala."

"Kitakuwa kifupi."

"Kifupi, ndiyo."

Nikalipiga mstari kwa mkaa. Tindo, nyundo, bismillahi. Likipasuka vibaya, sina jingine. Upande wote ule unakwenda kuwa kokoto za barabara. Niligonga taratibu kulizunguka, nikalipindua, nikagonga tena. Msimamizi akapaza sauti, "Msabaha! Umelala na jiwe?" Nikaendelea kugonga. Lilikatika sawia.

Nasrin aliomba kibanzi akasome nacho. Nikampa kikubwa. Angekuwa wa serikali nisingempa hata vumbi.

Jioni shemeji yangu Sadallah, kaka yake marehemu, alinisaidia kulifikisha makaburini kwa guta. Nilichimba, nikalitia, chembe nene chini. Halikufika hata magotini.

Sadallah akalizunguka. "Shemeji, fupi mno hili. Watu watasema tumezika mtoto."

"Waseme. Wewe shika huku, tulinyooshe."